Sauti ya Msikiti na Haki ya Jirani



Ndugu wawili wa kamati ya msikiti mmoja mjini Garissa wametuandikia barua moja yenye sahihi mbili na rai mbili. Ni watu wa kheri, na hawajapata kukhitilafiana illa katika jambo hili. Msikiti wao umepanuliwa kwa michango ya Waislamu, na sasa wamefikia kutia vipaza sauti. Mmoja asema fedha yote inunuliwe spika kubwa za honi zifungwe juu ya mnara, ili adhana, khutuba, darsa na Tarawehe zisikike mji mzima na kuvuka mto mpaka Madogo. Wa pili asema kwamba watu wa safu za nyuma hawamsikii khatibu, na wanawake walioko ghorofani hawasikii hata takbira. Basi vipi maneno yapelekwe Madogo ilhali hayajawafikia waliomo ndani? Wakataka sisi wa darasa hili tuwakate maneno.

Sisi si makadhi wala si mafundi wa umeme. Lakini tumeona swali hili si la Garissa peke yake. Mombasa lipo, Lamu lipo, Malindi lipo, na Unguja pia. Wala si swali la waya na misumari. Ni swali la kuwa jambo jema, nalo ni kumtaja Mwenyezi Mungu, je, hubaki kuwa jema kwa namna yoyote litakavyofanywa na kwa yeyote litakayemfikia, apende asipende?

Kwanza tuliondoe moja lisitupotezee wakati. Kipaza sauti chenyewe si bidaa ya kukatazwa. Kilipozuka, wanazuoni wa nchi mbalimbali walijadiliana sana. Hata Bara Hindi walikuwako wakubwa waliosema kwamba mwenye kumfuata imamu kwa sauti ya chombo sala yake haisihi, kwani aliyoisikia si sauti ya imamu bali ni mwangwi wake. Baadaye walipowauliza wajuzi wa elimu ya sauti, wengi wao walirejea. Masjid Sultan wa Singapore ulitiwa vipaza sauti mwaka 1936, na tangu hapo jambo limeenea dunia nzima. Asili yake imo katika Sunna: Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake ya mwisho alisalisha amekaa, sauti yake imedhoofika, na Abubakar (R.A.) akawa anawafikishia watu takbira. Na huko Mina katika Hija, Mtume alipokuwa akikhutubu juu ya mnyama wake, Ali (R.A.) alikuwa akiyakariri maneno yake ili walio mbali wayapate. Kipaza sauti ni mbalighi wa chuma. Hakuna zaidi.

Lakini tazama vizuri huyo mbalighi alikuwa akimfikishia nani. Alikuwa akiwafikishia waliokuja. Waliokuwa wamesimama safuni nyuma ya imamu, na waliokuwa wamekusanyika Mina kusikiliza. Hapa ndipo penye ufunguo wa mas'ala yote, na ndipo tunapoona kwamba yule ndugu wa pili ameshika jambo kubwa kuliko mwenyewe alivyodhani.

Sisi watu wa Pwani, na ndugu zetu Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, sote ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Katika madhehebu yetu, khatibu wa Ijumaa ameshurutishiwa ainue sauti hata wasikie watu arubaini wanaokamilisha Ijumaa zile nguzo za khutuba. Hili ni sharti la kusihi, si pambo. Kadhalika maamuma ameshurutishiwa ajue imamu anapohama kutoka nguzo hadi nguzo, ama kwa kumuona, ama kwa kuiona safu iliyo mbele yake, ama kwa kuisikia sauti yake au ya mbalighi. Kwa hiyo sauti ya ndani ina daraja ya wajibu. Sauti ya nje kwa ajili ya adhana ina daraja ya Sunna. Na sauti ya nje kwa yasiyokuwa adhana, hiyo tutaiangalia, nayo hata kwa anayeitetea sana haipiti kuwa ni jambo la mubaha. Je, yafaa mtu anunue mubaha kwa fedha ya wajibu?

Katika barua yao wamesimulia lililotokea msikitini mwao Ramadhani iliyopita. Imamu alikuwa katika sijida, umeme ukakatika. Wanaume wa chini waliinuka kwa kuonana. Wanawake ghorofani, wasioona chochote wala kusikia chochote, walibaki vipaji vya nyuso zao viko chini. Bibi mmoja mtu mzima akainua kichwa, akawaona wenziwe wangali wamesujudu, akaona haya, akarudi chini. Walipotambua, imamu alikwisha kutoa salamu. Baada yake wakaanza kuulizana kama sala yao imesihi au la, na mwanamume mmoja akawaambia kwamba kosa ni lao, wangesali majumbani. Subhana Llah! Nyumba imejengwa kwa michango, na khabari tulizopata ni kwamba nyingi katika michango hiyo zilikuwa bangili na akiba za wanawake hao hao.

Basi jawabu la kwanza: ndani kwanza. Wala msidhani kwamba ndani pataka mashine kubwa. Tumewauliza wanaojua kazi hii, nao wametueleza yanayoingia akilini. Msikiti wa siku hizi una kuta za saruji zilizosuguliwa, sakafu ya marumaru, madirisha ya vioo na kuba juu. Kila kimoja huirudisha sauti. Neno la kwanza halijafa, la pili limekwisha kutoka, yakakutana hewani yakawa uvumi. Mtu akiona hasikii hudhani sauti ni ndogo, akaongeza mashine, na uvumi ukaongezeka pamoja nayo. Kumbe tatizo si udogo wa sauti bali ni mchanganyiko wake. Dawa yake ni spika ndogo nyingi, zifungwe nguzoni kwa kimo cha kuwaelekea watu waliokaa, kila moja ikisema kwa upole na wale walio karibu nayo. Si spika mbili kubwa ukutani zikipigia kelele kuba. Mazulia yanasaidia, mapazia upande wa wanawake yanasaidia, na msikiti uliojaa watu husikika vizuri kuliko ulio mtupu, kwa hiyo fundi anayejaribu mashine siku ya Jumanne saa nne za asubuhi hajajaribu kitu. Ikiwa msikiti ni mrefu, ajihadhari: sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na zikimfikia mtu sauti mbili za neno moja zilizotofautiana kwa masafa ya mita 17 au zaidi, sikio huanza kuzisikia kuwa ni mbili. Wazee wetu walioijenga misikiti ya mawe ya Pwani hawakuwa na mashine, lakini walijua kuyafanya mapana ya msikiti yalingane na koo la mwanadamu, na mihrabu ikiwa tundu la mviringo ukutani ilimrudishia maamuma sauti ya imamu aliyeipa watu mgongo.

Na wawekewe betri, kwani jua la Garissa halina uhaba. Ni mji ulio karibu na mtambo mkubwa wa umeme wa jua uliofunguliwa mwaka 2019. Tena juu ya betri, awekwe mtu. Ateuliwe mbalighi mwenye koo, akae mahali ambapo wanawake watamsikia, umeme ukizimika aitikie takbira. Jambo hili halina gharama hata ya senti moja, na limeachwa katika misikiti yetu kwa sababu ya kuiamini waya.

Tuje kwenye adhana. Adhana asili yake ni kuinuliwa, na hatutamkubalia yeyote atakayetumia maneno yetu kuinyamazisha. Abdallah bin Zaid alipoota maneno ya adhana, Mtume (S.A.W.) alimuamrisha amfundishe Bilal kwa kuwa sauti yake ni nzuri zaidi na yafika mbali zaidi. Bilal akawa akipanda juu ya nyumba ya mwanamke mmoja wa Bani Najjar kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndefu katika nyumba zilizouzunguka msikiti. Na Abu Said al-Khudri, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, alimwambia mtu mmoja aliyependa mbuzi na jangwa kwamba akiwa huko na mifugo yake ainue sauti kwa adhana, kwani hakuna jini wala mtu wala kitu kitakachoisikia ila kitamshuhudia Siku ya Kiyama. Nikiisoma Hadithi hii mimi huwakumbuka wachungaji wa nchi ile kati ya Garissa na Wajir, wanaoadhini peke yao chini ya mgunga, hapana waya hapana mnara, na wasikiaji wao ni ngamia.

Lakini hata katika adhana mafakihi wetu waliifunga sauti kwa faida yake. Imamu Nawawi katika Minhaj amesema sauti ya adhana huinuliwa, kisha akautoa msikiti ambao jamaa imekwisha kusaliwa humo: hapo muadhini haiinui, ili watu wasije wakadhani wakati wa sala nyingine umeingia. Angalia fikra hiyo! Maneno ni yale yale matukufu, msikiti ni ule ule, lakini kuinua sauti kumeondolewa kwa sababu kutawatatiza walioko nje. Kwa hiyo wanazuoni wetu walikwisha kukubali tangu zamani kwamba masikio ya aliyeko nje yana haki mbele ya sauti ya msikiti.

Sasa hayo yasiyokuwa adhana: khutuba nzima, darsa, Tarawehe, nyiradi, na kanda za Qurani zinazofunguliwa nusu saa kabla ya alfajiri. Hayo yote si wito. Ni ibada za waliohudhuria. Katika Suratul-Israa, aya ya 110, Mwenyezi Mungu amemuamrisha Mtume wake katika sala asiinue sauti sana wala asiififize sana, ila ashike njia ya kati. Mtume (S.A.W.) alipokuwa katika itikafu akasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, alifunua pazia akawaambia kwamba kila mmoja wao anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane wala wasishindane kwa sauti katika kusoma. Hadithi hii imo katika Abu Daud. Walioudhiwa hapo walikuwa nani? Walikuwa Masahaba, waliomo msikitini, na kilichowaudhi kilikuwa Qurani. Mtume hakusema kwamba Qurani haiudhi. Alisema wasiudhiane nayo.

Abu Musa al-Ashari alisimulia kwamba walikuwa safarini na Mtume, na kila wakipanda kilima wakipaza takbira kwa nguvu, akawaambia wajihurumie, kwani hawamwiti kiziwi wala asiyekuwapo. Na Miqdad (R.A.), katika Sahih Muslim, ametueleza kwamba Mtume alikuwa akija usiku huitoa salamu kwa kiasi ambacho aliye macho huisikia na aliyelala haamki. Hii ni salamu, enyi ndugu! Neno la amani, kutoka kinywani mwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambalo kila Mwislamu angetamani kuamshwa nalo. Naye aliipima isimuamshe aliyelala.

Nami sina budi kukiri langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha baada ya Tarawehe katika msikiti mmoja wa mji wetu, na spika za nje zikiachwa wazi. Sikuamrisha ziachwe, lakini nilijua, na sitaficha kwamba nilipenda. Usiku mmoja darsa ilikuwa juu ya haki za jirani. Nilisema sana usiku huo, mpaka ikakaribia saa tano. Asubuhi yake akanijia kijana mdogo, akaniamkua, akasema: “Bibi akusalimu, Maalim. Asema Babu ana siku nne hajalala, na kila akishikwa na usingizi sauti ya msikiti humuamsha. Asema kama itawezekana. Na asema usikasirike.”

Neno hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Bibi yule ni Mwislamu, na mumewe alikuwa akisali safu ya mbele kwa miaka mingi kabla ya figo kumlaza. Nyumba yao haikuwa mbali na mnara hatua thelathini. Siku nne alivumilia, na alipotuma mjumbe alituma mtoto, kwa kuchelea asije akaitwa adui wa dini. Nilikwenda kumtazama yule mzee nikamuomba radhi. Akacheka, akaniambia darsa ameisikia yote, na Hadithi ya tatu niliikosea sanadi. Alifariki kabla ya Idi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tangu siku ile sikubali tena hoja ya kwamba “hakuna aliyelalamika”. Nani atalalamika? Mwenye kilabu cha ngoma akishitakiwa, mshitaki huonekana mtu wa adabu. Msikiti ukishitakiwa, mshitaki huonekana kafiri. Kunyamaza kwa mtu asiyeweza kusema si ridhaa, na mafakihi wanalijua hilo katika mauzo na katika nikaha, vipi tumelisahau katika sauti? Na hapa nawaelekea khasa sisi tunaojiita watu wa islahi. Miaka na miaka tumewalaumu wenzetu kwa matwari na maulidi ya usiku kucha, tukataja mgonjwa na mtoto na mfanya kazi anayeamka mapema. Tulipopata spika zetu wenyewe, mgonjwa yule tulimsahau. Ikiwa hoja ilikuwa ni haki ya aliyelala, basi aliyelala hana madhehebu. Na ikiwa hoja ilikuwa kwamba ile ni sauti yao na hii ni yetu, hiyo si islahi, ni ushindani.

Pana jambo jingine katika hizi kanda za Qurani, nalo limenishughulisha zaidi. Katika Suratul-Aaraf, aya ya 204, tumeamrishwa isomwapo Qurani tuisikilize na tunyamaze. Tukiimimina Qurani juu ya soko la mifugo la Garissa, ambako watu wako katika kupatana bei ya ngamia, na juu ya vyoo, na juu ya mtu na mkewe, na juu ya watoto wanaogombana, tumewatia watu wote hao katika hali ya kuisikia Qurani na kuipuuza. Wakizoea kuipuuza, waliowazoeza ni nani?

Huenda mtu akatujibu: Garissa ni mji wa Waislamu, na anayechukia sauti ya dini ahame. Jawabu hili lina makosa mawili. La kwanza, wanaoudhika wengi ni Waislamu wenyewe, kama tulivyoona. Joto la Garissa mnalijua. Miezi ya kaskazi watu hutoa vitanda na mikeka uani wakalala nje, na kati ya sikio lao na mnara hapana ukuta. Mama aliyejifungua juzi yuko hapo. Mwanafunzi wa mtihani yuko hapo. La pili, mji ule una wageni wa bara: waalimu, wauguzi, maaskari, watumishi wa serikali. Na jirani asiye Mwislamu ana haki ya jirani; hili halina khilafu.

Tena katika nchi hii ya kaskazini mashariki jambo la jirani limekuwa na bei ya damu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa watu wakiwa ibadani, na zaidi ya watu kumi wakauawa. Baada yake viongozi wa Kiislamu walijitokeza wakasema Waislamu watasaidia kuyalinda makanisa. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, wakati ule ule wa sala, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi wasiokuwa Waislamu. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo, karibu na Mandera, wauaji walisimamisha basi wakataka abiria wajitenge kwa dini, na Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafa kwa jeraha hilo Januari 2016. Mwaka 2020 waalimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera kwa khofu, na watoto wa Kiislamu ndio waliobaki bila ya waalimu. Sisemi kwamba kipaza sauti na bunduki ni kitu kimoja. Mwenye kusema hivyo ni mpuuzi. Nasema kwamba mwalimu wa hisabati aliyebaki Garissa pamoja na yote hayo, analala akisikia sauti kali asiyoifahamu lugha yake ikimwagika chumbani mwake mpaka usiku wa manane, na sauti hiyo ndiyo yote aijuayo katika dini yetu. Adhana ataizoea, na huenda akaipenda. Darsa ya saa mbili hawezi kuizoea.

Na hesabu yenyewe haimsaidii ndugu yetu anayetaka kufika Madogo. Mafundi wanasema sauti ikiwa uwanjani, kila masafa yakizidi maradufu hupungua kiasi cha desibeli 6. Spika inayotoa desibeli 120 kwa masafa ya mita 1, kwa mwenye nyumba iliyoko mita 16 itakuwa ingali 96, na kwa mtu aliyeko kilomita 1 itakuwa kama 60. Huko Madogo itakuwa ni mvumo tu, na upepo ukigeuka si kitu. Wataalamu wa afya ya wafanyakazi wametoa kipimo kwamba sikio lisikae katika desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zikizidi 3, muda ukatwe nusu. Kwa desibeli 96 muda huo haufiki dakika 40. Kwa hiyo ili mtu wa ng'ambo apate mvumo asioufahamu, jirani wa mnara aharibiwe masikio kwa darsa moja. Na akitaka sauti ionekane sikioni imezidi mara mbili, itambidi anunue mashine ya nguvu mara kumi. Hiyo ni israfu kabla hata hatujataja adha.

Wala tusiseme kwamba haya ni maneno ya serikali za kizungu. Ni kweli Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kuzuia kelele, nazo zimeuhesabu usiku kuanzia saa 2 za usiku mpaka saa 12 za asubuhi, na kutii sheria isiyopinga dini ni katika dini. Lakini mwaka 2021 wizara ya mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliamrisha spika za nje zitumike kwa adhana na ikama tu, na zisipite thuluthi ya nguvu ya chombo, na katika hoja zao ilikuwamo ile Hadithi ya watu wa itikafu tuliyoitaja. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi mno, iliweka mwaka 2022 mpaka wa desibeli 100.

Limebaki la fedha. Katika barua wametaja kwamba mfadhili mmoja aliyeko ng'ambo ameahidi kuleta spika nne kubwa kwa sharti kwamba zifungwe mnarani na zisikike mji mzima. Sharti la mwenye kutoa waqfu huheshimiwa, lakini ni pale lisipokuwa na madhara kwa wengine. Kutodhuru na kutodhuriana ni msingi wa sheria yetu yote. Maji ya Tana ni neema yakiwa mkondoni, na watu wa Garissa walioyaona yakiingia majumbani mwezi wa Novemba 2023 hawahitaji kufundishwa na mtu wa Pwani kwamba neema ina mpaka. Kamati imwandikie mfadhili kwa adabu, imueleze haja ya wanawake na ya safu za nyuma, na imuombe ageuze ahadi yake. Akikubali, thawabu zake hazikupungua. Akikataa, wasichukue.

Kwa hiyo tumewajibu hivi. Ndani kufanywe kwanza, na upande wa wanawake ndio uanze, kabla ya mbele ya mimbari, kwa kuwa wale wa mbele wanamuona imamu na wale hawamuoni. Nje pawe na spika mbili za kadiri, ziinuliwe juu ya mapaa ili sauti ipite juu ya nyumba za karibu badala ya kuzipiga usoni, na isielekezwe moja kwa moja kwenye nyumba yenye mgonjwa, waulize, wanawajua. Waya za nje zitengwe na za ndani kwa swichi yake peke yake. Muadhini aifungue kwa adhana, aifunge. Siku ya Ijumaa watu wakijaa mpaka barabarani, ziwekwe spika ndogo zinazowaelekea hao waliokaa barabarani, ziondolewe baada ya sala. Anayetaka darsa aje msikitini. Asiyeweza kuja kwa udhuru, siku hizi darsa humfikia kwa simu yake, akaifungua apendapo na kuizima apendapo.

Yule ndugu wa kwanza ametuandikia tena. Asema amekubali yote illa khutuba ya Ijumaa, kwani ni ya mchana na wauza maduka huisikia wakakumbuka. Hoja yake si mbovu, na hatukumpinga sana. Tumemuomba tu kwanza apite yeye mwenyewe katika nyumba zilizouzunguka mnara, nyumba kwa nyumba, pamoja na yule mwenziwe, waulize, tena wawaulize wanawake. Jawabu lao bado hatujalipata. Spika nne za yule mfadhili zimekwisha kufika, na ziko stoo ndani ya makasha yake.